Watu Arobaini wa Majani

Fomu ilisema nchi yetu imeuza nje watu arobaini.

Niliisoma, nikavua miwani nikaifuta kwa pindo la gauni, nikaisoma tena. Bidhaa: watu wa majani. Kipimo: vichwa. Idadi: arobaini. Na chini kabisa, kwenye maelezo ya ziada, wakala wa forodha aliyeijaza, mtu ambaye siku nikimtia mkononi atanitambua, alikuwa ameongeza kwa hisani yake: "Hawana miguu."

Sasa nieleze, maana wengine mtadhani nafanya kazi polisi. Mimi ni karani wa takwimu za biashara, kitengo cha kupanga bidhaa. Kila kinachoingia nchini na kila kinachotoka kina fomu yake, na kila fomu lazima niipe namba kutoka kwenye Kitabu. Kitabu kina kurasa elfu moja na mia tatu, na humo kila kitu duniani kina mstari wake. Vifaranga wa siku moja wana namba yao, kuku wazima wana yao. Kifungo cha mfupa hakikai na kifungo cha plastiki hata kama vimetoka duka moja. Kisichokuwa na mstari kinatupwa Vinginevyo, mstari wa mwisho wa kila ukurasa, ambako vitu huenda na havisikiki tena. Mwisho wa mwaka tunajumlisha yote, linachapwa Buku Jekundu la takwimu, wakubwa wanapiga nalo picha, kisha linawekwa kabatini. Miaka kumi na tisa nafanya kazi hiyo na sikuwahi kupanga mtu.

Nikaipeleka kwa mkuu wa kitengo. Tunamwita Bwana Koma, kwa sababu ripoti ya kurasa themanini ataisoma yote na kukurudishia kwa kosa la koma moja. Alisoma, akasimama, akaenda kufunga mlango, akarudi.

"Watu?" akanong'ona.

"Watu, mkuu."

"Wasio na miguu?"

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Mungu wangu! Na wametumia vichwa. Vichwa ni kipimo cha mifugo, jamani! Nani kawafundisha hawa?"

Watu wameuzwa, na mwenzangu kinachomuuma ni kipimo! Alikuwa ameshanyanyua simu awapigie polisi nilipoteremsha macho kwenye sehemu ya msafirishaji. Nikaona mtaa wetu. Nikaona namba ya nyumba yetu. Nikaona jina la mama mkwe wangu, lote, mpaka la babu yake.

"Mkuu," nikasema, "weka simu chini."

Mama mkwe wangu ana miaka sabini na miwili, na tunaishi naye tangu baba mkwe alipofariki. Nyuma ya nyumba ana kijishamba cha mtama, na ndege wa mtaa mzima walikuwa wamekifanya hoteli yao. Basi akachukua mti, majani makavu na shati la mume wangu, akashona mtu wa kuwatisha. Lakini msidhani ni yale makopo mawili na gunia. Mama huyu ameshonea watoto saba na wajukuu ishirini, sare za shule, mapazia, mpaka kanzu za harusi, na cherehani yake haijapoa tangu mimi sijazaliwa. Mtu wake alikuwa na mabega, na kitambi kidogo, na shingo iliyoinama mbele kana kwamba anakuuliza unatafuta nini hapa. Upepo ukivuma, anatikisa kichwa.

Siku moja dereva wa lori akasimama barabarani kumuuliza njia. Akauliza mara ya kwanza kimya, ya pili kimya, ya tatu akashuka kwenda kumtukana kwa kiburi chake. Alipofika karibu akacheka mpaka akakaa chini. Akamnunua palepale, akampelekea tajiri wake, mwenye mashamba ya mpunga ng'ambo ya mpaka. Mwezi uliofuata likaja agizo la sanamu kumi. Kisha ishirini. Mume wangu akaanza kukosa mashati.

"Mama, lile la bluu liko wapi?" aliuliza asubuhi moja.

"Liko kazini," mama akamjibu, bila kuinua macho kwenye cherehani.

Mimi nilijua anashona. Sikujua mambo yamefika forodhani. Wageni wakiuliza yale majani ya nini, nilikuwa nawajibu, "Aa, mama huyo, anajishughulisha tu." Anajishughulisha! Mungu anisamehe.

Na hapa lazima niseme jambo ambalo sijamwambia mtu, hata mume wangu. Wakati wa sensa, miaka kumi iliyopita, karani wa sensa alifika kwetu jioni amechoka hoi, viatu vumbi tupu. Aliposikia nafanya kazi takwimu akanikabidhi fomu. "Wewe ni mwenzetu, jaza tu, nitaipitia kesho." Nikajaza. Mume wangu: mwalimu. Mimi: karani. Nikafika kwa mama. Alikuwa palepale sebuleni, hatua mbili kutoka nilipokaa, anaunga kola ya shati la mwanangu, pini zimejaa mdomoni. Sehemu ya kazi nikaandika: Hana kazi. Sikumuuliza. Wala sikufikiri, nikashuka mstari wa pili.

Fomu ikalala mezani chini ya kopo la sukari. Na mama yule husoma kila kitu, hata karatasi iliyofungia karanga. Kesho yake ikawa ndiyo habari ya nyumba.

"Yule karani wa sensa kaniandika sina kazi," alimwambia mume wangu. "Sina kazi mimi!"

Miaka kumi, jamani, hajaliacha. Ukimwomba achambue mchele: "Nani, mimi? Mimi sina kazi, serikali imeshasema." Mtu akimsalimu habari za kazi: "Kazi gani, mwanangu? Muulize karani wa sensa." Yule kijana wa watu ametajwa kwenye misiba, ametajwa kwenye harusi, amelaaniwa yeye na kalamu yake. Na mimi nipo pembeni, nimekaa kimya kama maji mtungini. Tangu hapo kila asubuhi kabla sijaenda kazini namchemshia mama chai kwa mkono wangu, tangawizi ya kutosha, sukari vijiko vitatu ingawa daktari alisema kimoja, nampelekea mpaka kitandani. Majirani wananisifu, eti mkwe wa mfano. Mkwe wa mfano wapi! Ni hatia ile.

Jioni ya siku ya fomu nilimkuta mama amekaa katikati ya majani, anampiga mtu mmoja mgongoni ili mabega yakae sawa. Nikamwambia fomu yake imenifikia ofisini na karibu imtie korokoroni.

Hakushtuka hata kidogo. Aliweka sindano chini.

"Kumbe zinafika kwako? Sasa nitaandikwa kwenye lile buku?"

"Buku Jekundu?"

"Hilo hilo. La serikali." Akanitazama kwa macho ambayo sikuyazoea, macho ya mtu anayeomba. "Sitaki jina. Nataka iandikwe tu kwamba kuna kitu hiki, na kimetengenezwa, na kimeuzwa. Mimi siku zangu zimebaki chache, mwanangu. Nikifa nife nimeandikwa vizuri. Na yule karani wa sensa akilifungua aone haya."

Nikamwambia nitafanya ninavyoweza. Sauti yangu ilitoka nyembamba mpaka akaniuliza kama nina mafua.

Ofisini tuna meza moja ndefu tunayoiita Meza ya Ubishi. Kanuni yetu ni hii: bidhaa yenye utata haipangwi kwa kusoma fomu. Lazima iletwe, iwekwe mezani, ionekane kwa macho na ibishaniwe mpaka kieleweke. Na kanuni ya pili: mwenye ndugu katika bidhaa hafungui mdomo. Mimi nikamwambia Bwana Koma ukweli, kwamba bidhaa ni ya mama mkwe, naye akasema, "Basi utaileta, utakaa, utanyamaza." Mimi ninyamaze! Walionizaa wenyewe walishindwa.

Asubuhi nikambeba mmoja begani. Alikuwa amevaa koti la kahawia la mume wangu, lile la kufungia ndoa, nalo nililijua njiani tukiwa tayari tumechelewa. Mlinzi wa geti alituangalia, akafungua daftari la wageni, akaandika: wawili.

Ubishi ulikuwa kati ya Bwana Koma na Bibi Kufuli. Bibi Kufuli ni mwenzetu wa miaka mingi, ndiye mlinzi wa siri za wafanyabiashara, ana kabati lenye makufuli matatu na funguo anazivaa shingoni. Wawili hao wakikutana mezani, chai inapoa.

"Ana shati, ana koti," akasema Bwana Koma. "Nguo zilizovaliwa. Tumemaliza."

"Mvue nguo, anabaki nini?" Bibi Kufuli akamkata jicho. "Majani. Anakwenda na mikeka na vikapu."

"Mti ndani una uzito zaidi ya majani."

"Basi muweke na kuni!"

"Mwanasesere?"

"Mwanasesere gani huyu? Mpe mtoto uone kama utalala nyumba hiyo."

Kitabu kinasema kitu hupangwa kwa kile kinachokifanya kiwe kitu hicho. Maneno mazuri, lakini wakayavuta siku tatu, huku na huku. Walimpima kichwa. Walimpima kiuno. Bwana Koma alimng'oa jani moja akalinusa. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni nimeuma leso, machozi ya hasira yananilenga, maana ningeweza kuwaambia kwa maneno kumi. Siku ya tatu kabla ya saa nne Bwana Koma akavua miwani.

"Nimechoka," akasema. "Vinginevyo."

Nikamwona mama amepotea humo, yeye na shingo zake na mabega yake, pamoja na vitu visivyojulikana hata vilikuwa nini. Nikaenda kabatini kutafuta faili, yaani kulia. Kwa kuwa meza ilitakiwa kwa chai, mtu alikuwa amemtoa yule bwana wa majani akamkalisha kwenye kiti changu, uso dirishani, mgongo mlangoni.

Mlango ukafunguliwa akaingia Mkurugenzi. Mkurugenzi wetu haji kwetu ila kwa ugomvi.

"Habari za asubuhi," akasema. Tukasimama wote. Mmoja hakusimama.

"Nimesema habari za asubuhi."

Bwana wa majani alikuwa anaangalia nje. Kidirisha kilikuwa wazi, upepo ukaingia, akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayesema hapana.

"Ala!" Mkurugenzi akafura. "Wewe kijana, unajua unazungumza na nani?"

Mngekuwa nyinyi mngesema? Hakuna aliyethubutu. Kumwambia mkubwa kwamba anagombana na majani ni kazi inayohitaji mtu aliyekwisha lipwa kiinua mgongo. Mkurugenzi akavuka chumba kwa hatua tatu, akamshika bega, akamgeuza. Kiti chetu kile kinazunguka. Bwana wa majani akaja mzimamzima na macho yake ya vifungo, kichwa kimeinama, na mdomo ule mama anaoushona kwa uzi mwekundu.

Ukelele alioutoa mkubwa ulisikika mpaka masijala. Aliruka kinyumenyume akatua kwenye Meza ya Ubishi, amekaa juu ya fomu za mwezi mzima, kiatu kimoja kwenye sinia la vikombe. Tulikuwa tunahesabu miaka iliyobaki kustaafu.

Na hapo ndipo nilipompenda Bwana Koma. Mtu yule anaogopa kila kitu, lakini Kitabu anakipenda kuliko anavyoogopa. Akasogea na kalamu yake.

"Samahani, Mkurugenzi. Kwa ajili ya kumbukumbu. Umetishwa na nini hasa? Nguo?"

"Nguo gani wewe!"

"Majani, labda?"

"Nimeona mtu, Koma! Mtu ananitumbulia macho!"

"Kwa hiyo ni ule utu wake, na kutisha kwake."

"Koma, kazi unaitaka au huitaki?"

"Naitaka, mkuu. Ndiyo naifanya." Akamgeukia Bibi Kufuli. "Nguo hazikumtisha, majani hayakumtisha, mti hajauona kabisa. Kinachokifanya kitu hiki kiwe kitu hiki ni kutisha. Kinastahili mstari wake."

Bibi Kufuli akafikiri, akakubali kwa kichwa. Kalamu ikatembea: Sanamu za kutishia ndege shambani, za aina zote. Mstari mpya hauwi mstari mpaka Mkurugenzi autie sahihi, naye alitia sahihi akiwa bado juu ya meza, kwa sababu alichotaka ni kuondoka tu. Mimi nilisahau kanuni nikapiga kigelegele.

Nilikuwa nakusanya mkoba nikimbie nyumbani Bibi Kufuli aliponivuta kando.

"Hongera, shoga," akasema. "Lakini usimpe mama tumaini bado. Wanaouza sanamu hizi nje ni wangapi?"

"Ni mama peke yake."

Akashika funguo zake. "Basi mstari nitaufunga."

Nilijua! Ni kanuni niliyoisoma mara mia na kwa furaha nikaisahau. Bidhaa ikiwa na mwuzaji mmoja, hatuchapi hesabu zake, maana kila mtu atajua mambo yake ya ndani. Wakiwa wawili hatuchapi, kwa sababu kila mmoja atatoa zake ajue za mwenzake. Mpaka wawe watatu. Chini ya hapo mstari unafichwa, na hesabu zinamezwa na, enhe, Vinginevyo.

"Kufuli, mama mwenyewe hana shida kujulikana! Anataka kujulikana!"

"Sheria haijamuuliza," akasema, naye alisikitika kweli, hana roho mbaya.

Mama nilimkuta mlangoni ananisubiri, amevaa vizuri. Kanuni ile si siri, imechapwa nyuma ya Buku ukurasa wa mwisho, kwa hiyo nikamsomea neno kwa neno. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Miaka sabini nimefichwa bila sheria," akasema, "na leo nimepatiwa sheria yake."

Akaingia chumbani. Siku mbili cherehani haikulia. Nyumba ilikuwa nzito, mume wangu akitembea kwa vidole. Alikuwa na mashati yake yote kabatini na hayakumfurahisha. Mimi chai nilipeleka na nikairudisha imepoa.

Siku ya tatu mama akatoka amejifunga kanga kiunoni. "Kidole kimoja hakivunji chawa," akasema, "na serikali hii hata viwili havitoshi. Haya, twende."

Mnajua alikwenda kwa nani? Wa kwanza jirani yetu wa ukuta mmoja, ambaye hawajasemezana miaka sita kwa ajili ya maji ya mfereji. Mama akasimama mlangoni kwake. "Sikuja kupatana," akasema. "Nimekuja kukufundisha kazi." Wa pili wifi yake, dada wa marehemu baba mkwe, mwanamke ambaye tangu harusi ya mama hajawahi kuona chakula chenye chumvi ya kutosha. Huyo ndiye aliyesema mbele ya watu kwamba kushona watu wa majani ni dalili ya kichwa kuharibika.

Akawakalisha sebuleni kwangu akawafundisha kila kitu. Namna ya kukausha majani yasifanye ukungu. Namna ya kukata bega. Na siku ya mwisho, mlango umefungwa, akawatolea siri ya shingo: ubavu wa mwavuli uliovunjika, unaopindwa mara moja na kushonewa ndani, ndio unaofanya kichwa kitikisike. Siri ile hakuwa amenionyesha hata mimi. Aliitoa akiwa amewapa mgongo, ili wasimwone uso. Kisha akawagawia agizo lake, maana tajiri wa mpunga sasa alitaka nyingi, na kila mmoja akajaza fomu yake mwenyewe kwa wakala. Wakala yule nilimpata, na nilimwambia nilichotaka kumwambia.

Sasa angalia vituko. Jirani alisifiwa siku ya kwanza kwamba ana mkono mzuri, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Akaanza kuwapamba. Akawatia wanja, hereni, vilemba. Barua ikaja kutoka ng'ambo: "Wa fundi wa pili ndege wanawapenda sana. Mmoja ana kiota kifuani." Za wifi zilikuwa na sura ya wifi mwenyewe, midomo imebinywa, na shamba alimosimamishwa mmoja hakuonekana ndege wiki mbili, wala vibarua. Akaagizwa maradufu.

"Ule si ufundi," mama akalalamika. "Amejichora."

Lakini walishona. Mwaka mzima sebule yangu ilikuwa watu, wenye roho watatu na wasio na roho thelathini. Walitukanana kutoka asubuhi mpaka adhuhuri, na mchana wasipoonana mmoja anauliza mwenzie yuko wapi. Maji ya mfereji yalikwenda njia ileile na hakuna aliyeyataja.

Buku Jekundu lilipotoka niliomba ruhusa ya nusu siku. Nikaliweka mezani, palepale, kando ya kopo la sukari. Wanawake watatu wakaliinamia. Nikafungua ukurasa wa mia sita na kumi na mbili.

Sanamu za kutishia ndege shambani, za aina zote. Idadi: 1,346.

Jirani akapiga vigelegele. Wifi akasema wameandika kwa herufi ndogo mno. Kisha wakaanza kugombana za nani ni nyingi, wakanigeukia mimi, nikawaambia nikitamka nafungwa, wakaondoka wanagombana mpaka barabarani. Mama alibaki. Aliweka kidole kwenye mstari, akakipeleka mwanzo mpaka mwisho, akarudi mwanzo.

"Haya," akasema mwishowe. "Karani kasahihisha."

"Karani gani, mama?"

"Yule wa sensa."

"Mama, sensa ni idara nyingine, na yule kijana sijui hata..."

"Yule anayeikata z yake kiuno." Hakuinua macho. "Kazi. Hana kazi. Z ina kamstari katikati. Naiona kila Jumamosi kwenye karatasi za sokoni. Ndizi. Tangawizi. Vitunguu vizima."

Nikakaa.

"Ulijua?"

"Tangu asubuhi ile ile."

"Miaka kumi, mama! Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia ungeniomba radhi siku hiyohiyo, yakaisha." Sasa akanitazama, na macho yalikuwa yanacheka, lakini si yote. "Nikanyamaza, nikanywa chai kitandani miaka kumi. Kilichoniuma si neno, mwanangu. Nilikuwa nimekaa pale. Ungeinua kichwa tu ukaniuliza, mama, wewe tukuandike nani?"

Nikalia. Nililia kwa aibu, kwa kelele, kama mtoto, na nikamwomba radhi pale chini ya miguu yake katikati ya majani. Akanipigapiga mabega, kwa namna ileile anayowapiga watu wake yakae sawa, akasema alinisamehe zamani, siku aliyoona naamka saa kumi na moja alfajiri na mvua kumchemshia chai.

Kesho yake nikachemsha chai kama kawaida. Lakini hatia ilikuwa imekwisha, kwa hiyo sukari nikaweka kijiko kimoja kama daktari alivyosema. Nikampelekea, nikachukua mkoba, nikafika mlangoni.

"Karani!" sauti ikatoka chumbani. "Kijiko kimoja? Umeniandikia bila kuniuliza?"

Nikarudi nikamuuliza. Akasema vitatu.